Mizani ya jikoni ya elfu 25, nimeitumia miezi mitano

Nilianza na vile vikombe vya plastiki vya kupimia, seti ya vinne, na keki zangu zikawa zinatoka ngumu mpaka watoto wakaziita tofali. Nikalaumu oveni, nikalaumu mayai, kumbe unga. Basi nikanunua mizani ya dijitali Kariakoo, inabeba mpaka kilo 5, na siku ya kwanza tu nikajichunguza: nikachota unga nikagongesha kikombe mezani kama kawaida yangu, gramu 152. Nikamwaga, nikajaza taratibu kwa kijiko, nikasawazisha kwa kisu bila kushindilia, 123. Jamani! Resipe ya vikombe viwili nilikuwa nazidisha karibu gramu 60, hapo keki inalainikaje?

Na kikombe chenyewe kumbe hakiko kimoja. Cha Wamarekani ni kama mililita 240, changu kimeandikwa 250, na magi ya chai ya mama mkwe ndo usiseme. Sasa nimebandika gramu kwenye friji: kikombe cha unga 120 hadi 125, sukari 200, siagi 227, yaani pakiti ya 250 unapunguza kama kijiko kimoja na nusu cha chakula. Ninachopenda zaidi ni kitufe cha kurudisha sifuri, unaweka bakuli, sifuri, unga, sifuri, sukari, vyombo vya kuosha hakuna.

Kasoro zipo. Inajizima yenyewe dakika mbili tu ukiwa bado unahangaika na mayai, unaanza upya na unga ushamwaga. Bekin pauda ya kijiko cha chai ni gramu 4 au 5, inasoma inavyotaka, kwa hiyo vijiko vyangu sijatupa. Halafu ile sehemu ya mililita isikudanganye, inahesabu kama vile kila kitu ni maji. Mafuta ya kupikia mililita 240 yana gramu 220 hivi, ukisubiri mpaka isome 240 utakuwa umemimina ya ziada, mimi yalinikuta kwenye keki ya karoti ikatoka inachuruzika.

Mama mkwe yeye bado anakadiria kwa macho na vitumbua vyake havijawahi kukosea. Mizani anaiomba akitoka buchani tu, juzi kilo yake ya nyama ikasoma 910, akajifunga kanga akarudi nayo hukohuko.