Geocaching kiangazi kizima: uzoefu wangu na wanangu huku Minnesota

Mimi ni dereva wa basi la shule huku Minneapolis. Miezi tisa ya mwaka nashinda nyuma ya usukani, na shule zikifungwa kiangazi nilikuwa nashinda sebuleni. Mwezi wa Aprili daktari aliniambia sukari yangu imefika mpakani, nitembee angalau dakika 150 kwa wiki. Nikaanza kuzunguka mtaa wetu kila jioni. Wiki ya pili nikaacha. Kwetu Likoni, Mombasa, mtu akitoka nyumbani ana anakokwenda: feri, sokoni, msikitini, kwa watu. Kutembea ili kutembea tu, hilo sikulelewa nalo.

Dereva mwenzangu ndiye aliyenionyesha Geocaching kwenye simu yake. Mchezo wenyewe ni huu: mtu anaficha kopo mahali, anaweka latitudo na longitudo yake kwenye programu, wewe unafuata simu hadi hapo, unatafuta, unasaini kidaftari kilichomo ndani, kisha unalirudisha kopo vilevile ulivyolikuta. Wanangu niliwaambia ni kibe, ila anayejificha ni kopo. Wakaelewa papo hapo.

Ulianzia Marekani hapahapa. Mwanzoni mwa Mei 2000 serikali iliacha kuyavuruga makusudi mawimbi ya satelaiti za GPS ambayo raia hutumia kujua mahali walipo, na tarehe 3 mwezi huohuo Dave Ulmer akaficha ndoo porini Oregon, akatangaza namba za mahali pale. Leo makopo hayo yamepita milioni 3 duniani.

La kwanza tulilitafuta Fort Snelling, hifadhi ya jimbo pale mto Minnesota unapoingia Mississippi. Siku ile tulilipia gari dola 7. Tulivuka kwenda Pike Island, kisiwa chenye miti mikubwa na paa wanaokutazama bila kukimbia. Simu ilihesabu mita 200, mita 60, mita 8, halafu ikaanza kuyumba: mara kulia, mara tumeshapita. Chini ya miti minene ndivyo ilivyo, mawimbi ya satelaiti hugonga matawi na kupotea. Ukifika mita 10, weka simu mfukoni utumie macho. Tulihangaika karibu dakika 40. Nilikuwa nataka kusema turudi nyumbani, binti yangu wa miaka tisa akaona vijiti vimelazwa sambamba chini ya gogo lililooza. Vijiti havianguki hivyo vyenyewe. Akavitoa kimoja kimoja, na nyuma yake kulikuwa na kasha la chuma la kijani, yale ya kijeshi ya kubebea risasi, lenye mpira kwenye kifuniko wa kuzuia maji. Nilipolifungua lilitoa harufu ya kutu na karatasi ya zamani. Ndani mlikuwa na gololi, dinosaria wa plastiki, sarafu ya Norway, na kidaftari ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kipande cha penseli. Jina la kwanza kwenye kidaftari lilikuwa la miaka 11 iliyopita. Kanuni ni ukichukua kitu uache chenye thamani sawa au zaidi. Alichukua gololi, akavua bangili yake ya shanga nyekundu na kijani akaiweka. Sikumwambia aiweke. Kurudi garini nilitazama hesabu ya hatua: 9,400, na hakuna aliyelalamika miguu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kuzunguka mtaa kulinishinda.

Kila kopo lina alama mbili, moja hadi tano: ugumu wa kulipata na ugumu wa njia. Wenye watoto au magoti mabovu waanze na moja na nusu kushuka chini. Pia tazama ukubwa. Vidogo kabisa ni kama ncha ya kidole gumba na havina hazina ndani, ni karatasi tu ya kusaini. Watoto huvunjika moyo. Akaunti ya bure inatosha kuanzia, ingawa makopo mengine huonekana kwa wanaolipa ada ya mwaka. Mimi nililipa Julai, tulipomaliza ya karibu. Kifaa maalumu cha GPS usikimbilie kununua. Nilinunua kilichotumika, kikazima siku ya pili, na simu ikaendelea kutosha. Beba betri ya akiba tu.

Sasa jambo ambalo kwangu ni zito. Makopo mengi ya mjini hufichwa kwenye maegesho ya magari, chini ya nguzo za taa. Nguzo ina kifuniko cha bati miguuni, unakiinua kama sketi, kopo liko hapo. Jioni moja nilikuwa peke yangu nje ya duka lililofungwa, nimechutama, mkono uko chini ya bati. Mlinzi akaja na tochi, akaniuliza kwa ukali natafuta nini. Nilisimama polepole, mikono ikionekana, nikamwonyesha simu na kumweleza. Akaondoka, lakini moyo ulinidunda hadi nyumbani. Ndugu zangu Waafrika mlioko huku, hasa wanaume: nguzo za taa ziacheni. Hazina matembezi yoyote, na hatari yake sisi tunaijua. Nendeni kwenye hifadhi na njia za kando ya maziwa, mchana, mkiwa na mwenzenu. Kulizunguka Lake Harriet ni maili tatu hivi, na watu ni wengi.

Kingine ni kupe. Wale wadogo kama punje ya ufuta huambukiza ugonjwa wa Lyme. Tunachomeka suruali ndani ya soksi, tunapaka dawa ya wadudu, na tukifika nyumbani kila mtu anakaguliwa nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele. Kuna pia mmea wa majani matatu-matatu kandokando ya njia, unawasha kuliko upupu, na vipele vyake hukaa wiki. Wafundishe watoto kuutambua kabla ya kuwaachia wapekue vichaka.

Tangu mwisho wa Mei hadi leo tumepata makopo 63. Yapo 14 tuliyoyatafuta tukarudi mikono mitupu, moja mara tatu. Mwezi wa Juni jua huzama saa tatu usiku, kwa hiyo tulikuwa tunakula kwanza ndipo tunatoka. Mkanda wangu umerudi nyuma matundu mawili. Sukari nitapimwa tena Oktoba. Kijana wangu wa miaka 12, ambaye mwaka jana kiangazi alikimaliza chumbani na michezo yake ya video, sasa ndiye anayechagua njia na kubeba maji.

Binti yangu naye anataka tufiche letu. Kopo lisifukiwe, lisiwe chini ya mita 161 kutoka kwa jingine, na wasimamizi wa eneo wakubali. Ameshalipaka rangi ya gome la mti, na ndani ameweka kauri sita alizopewa na bibi yake Likoni. Barua ya kuomba ruhusa tuliituma Jumatatu.