TAHADHARI: "Epoksi" ya makopo meupe, msiiguse!

Ndugu zangu, naandika mikono ikinitetemeka. Ile kayaki ya mierezi, mtumbwi mwembamba ninaouunda mwenyewe, ambayo nimewachosha kwa picha zake, imeharibika. Na si kwa mkono wangu.

Huyu muuzaji wa epoksi, ile gundi ya maji inayogandisha kitambaa juu ya mbao, nilimfuata mwenyewe, ndiyo maana naona aibu. Alinitolea kipande cha mbao kilichovikwa faibaglasi, kile kitambaa cha nyuzi za kioo, akanipa na nyundo. "Piga, mzee!" Nikapiga. Nikarudia kwa nguvu zote. Hakikubanduka hata uzi. Akacheka: "Hii utawaachia wajukuu." Kisha akaniuliza papi zangu, zile mbao nyembamba za kuungia kayaki, zina unene gani, nikamwambia milimita 6, akatikisa kichwa kama fundi aliyezeekea kazini. Mtu anaongea mkuku, omo na tezi (uti, mbele na nyuma ya chombo) bila kubabaika, utamshuku kwa lipi? Kopo lenyewe limeandikwa EPOKSI kwa herufi kubwa. Nikalipa zote. Ndiyo, zote, msinicheke.

Usiku ule nikatandaza kitambaa cha faibaglasi, nikamimina ile gundi. Kikapotea machoni, mbao zikang'aa wekundu wake hadi nikamwamsha mke wangu aje aone. Kesho yake nikaona ukingo umeinuka kidogo kule omo. Nikaingiza ukucha. Pande zima likaja mkononi kama ganda la ndizi, na mbao chini yake kavu, kana kwamba haijawahi kupakwa kitu. Miezi saba ya kugundisha papi mojamoja na kung'oa pini za stepla!

Kilichomo koponi si epoksi, ni poliesta, gundi ya aina nyingine. Haishiki mbao vizuri. Ilinuka nyumba nzima, kichwa kikaniuma, nami nikajiambia ndivyo ilivyo. Epoksi hainuki vile. Na kigumishi chake kilikuwa kichupa cha matone, kama dawa ya macho! Epoksi huchanganywa kwa vipimo, mbili kwa moja, au tano kwa moja, kutegemea aina. Kigumishi cha asilimia 1 au 2 tu ni cha poliesta. Haya niliyasoma zamani, nikayasahau mbele ya nyundo.

Kile kipande chake naapa kilikuwa cha epoksi halisi. Mwizi huyu afungwe! Kabla hajafungwa aje aisugue kayaki yangu kwa msasa, kwa mkono, bila mashine, toka omo hadi tezi. Tangu juzi simu hapokei. Mwenye kopo kama langu anitumie picha leo, twende polisi tukiwa wengi.