Kizimba cha kware cha ghorofa tatu, baada ya miezi minane

Kizimba hiki kina kware 36 sasa hivi, na ninakipenda. Naanza na hilo kwa sababu mengi yanayofuata ni kasoro, na sitaki mtu adhani najuta kukinunua.

Ni cha nyaya zilizopakwa zinki, ghorofa tatu. Kila ghorofa ina urefu wa sentimita 100, upana 50 na kimo 25. Hicho kimo ndicho kilichonifanya nikichague. Kware akishtuka hakimbilii pembeni kama kuku, huruka wima. Tundu langu la kwanza lilikuwa la sungura, kimo sentimita 60. Asubuhi moja paka alipita juu ya bati, nikasikia ta! ta! ta! Nilipofika, majike wawili walikuwa wamechunika utosi hadi nyama inaonekana, na wa tatu amelala chali, shingo imevunjika. Sentimita 60 zinampa ndege nafasi ya kuchukua kasi kabla hajagonga dari. Kwenye 25 anagusa juu kabla hajapata nguvu, basi anatulia. Tangu nihamie hapa sijaona kichwa kilichochunika hata kimoja.

Mwuzaji anasema kila ghorofa inabeba kware 20. Wataingia, ni kweli, lakini nilipojaribu walianza kudonoana mgongoni ndani ya siku tatu. Nikapunguza hadi 12, ugomvi ukaisha. Ghorofa mbili za chini ni majike watupu, maana jike hutaga bila dume na mayai ya kula hayahitaji dume. Ya juu ina madume 3 na majike 9, ndiyo ya mayai ya kutotolesha. Hayo hukaa siku 17 au 18 kwenye mashine, na vifaranga wake huanza kutaga wakiwa na wiki sita hadi nane. Aliyezoea kusubiri kuku miezi mitano atashangaa.

Sakafu imeinama kidogo kwa mbele ili yai lijiviringishe lenyewe hadi kwenye kihori cha nje. Nilidhani maneno ya biashara, kumbe kweli. Unapita na bakuli, unaokota, humsumbui ndege. Ila ukingo wa kihori ni chuma kitupu, na yai la kware lina gramu 10 hadi 12 tu. Wiki ya kwanza nilikuta nyufa karibu kila siku. Nikakata mpira wa ndani wa baiskeli, nikaubandika kwenye ukingo wote, nyufa zikapungua sana. Zilizobaki zilitokana na chakula, siyo kizimba. Nilikuwa nawapa chakula cha chengachenga cha vifaranga wa kuku kwa sababu kware anahitaji protini nyingi, asilimia 20 hivi hata akiwa mkubwa, na chakula cha kawaida cha kuku wa mayai mara nyingi hakifiki hapo. Lakini chakula cha vifaranga kina chokaa kidogo mno kwa ndege anayetaga kila siku. Sasa naweka magamba ya chaza yaliyopondwa kwenye kikopo cha pembeni, kila jike anajichukulia mwenyewe.

Kihori cha chakula ndicho kibovu kuliko vyote. Ni kifupi na hakina mdomo wa kurudi ndani. Kware hali taratibu, anachimbua kwa mdomo kushoto na kulia akitafuta punje anayoitaka. Ndege mmoja hula gramu 25 hivi kwa siku, kwa hiyo 36 ni gramu 900. Jioni moja nilifagia chini ya kizimba, nikapepeta, nikapima: gramu 210 zilikuwa sakafuni. Dawa yake ni ndogo: kata kipande cha wavu wa matundu ya sentimita moja na ushee, kilaze juu ya chakula. Mdomo unapita, kuchimbua hakuwezekani. Mtengenezaji angekiweka tangu mwanzo.

Lililoniumiza ni ushauri niliopewa siku ya kununua, kwamba kizimba kikae ndani ya banda la kuku, ukutani, kuokoa nafasi. Nilifuata. Kuku wakapanda kulala juu yake, kinyesi kikawa kinapenya hadi kwenye maji ya ghorofa ya juu. Wiki ya pili naona jike mmoja amevimba chini ya jicho, povu limemjaa kwenye kona, anapumua mdomo wazi. Baada yake wengine. Walikufa wanne. Kuku wangu walikuwa wazima kabisa kwa kuwatazama, na hapo ndipo penye hatari: kuku anaweza kubeba mafua bila kuonyesha dalili, akampa kware ambaye hawezi kuyastahimili. Na kware naye ana ugonjwa wake wa vidonda vya utumbo unaoweza kumpata kuku. Tafadhali, wafuge wote wawili ukipenda, lakini kila mmoja na banda lake. Mimi nahudumia kware kwanza, kisha kuku, na viatu vya upande mmoja haviingii upande wa pili. Chakula kilichomwagika nilikuwa nawapa kuku, nacho nimeacha, kwa sababu kimechanganyika na kinyesi.

Sinia za kinyesi ni imara na zinatoka vizuri. Harufu ya kware ni kali, zitoe kila siku mbili. Vikombe vya maji navyo vinafaa kwa wakubwa tu. Vifaranga nawalea kwenye boksi lenye maranda, maji kwenye kisahani kilichojazwa kokoto, kwa sababu kifaranga wa kware ni mdogo sana na huzama kwenye maji ya kina cha kidole.

Nyaya za sakafu huchosha miguu. Nimelaza kibao kila ghorofa na bakuli la mchanga mkavu. Siku ya kwanza ya mchanga waliingia sita kwa mpigo kwenye bakuli la kukaa wawili, wakajigaragaza macho wameyafumba.

Naagiza cha pili mwezi ujao. Nimemwomba fundi akipindishe kihori cha chakula kwa ndani, na ghorofa ziwe mbili badala ya tatu, kwa sababu ya chini kabisa haipati mwanga wa kutosha na majike wake ndio wanaotaga kidogo.