TLG: ilipie kwanza, ndipo utangaze nafasi ya mtafiti wa falsafa ya Wagiriki wa kale

Idara ikipata fedha za kuajiri mtafiti wa falsafa ya Wagiriki wa kale, hupanga mshahara, ofisi na nauli za makongamano. Usajili wa Thesaurus Linguae Graecae, maarufu kama TLG, yaani hifadhidata ya mtandaoni ya maandishi ya Kigiriki, husahaulika. Ni kosa la bajeti linalomgharimu mtafiti miezi ya mwanzo ya mkataba, na mikataba hii mara nyingi ni mifupi.

TLG ilianza mwaka 1972 katika Chuo Kikuu cha California, Irvine. Imekusanya karibu maandishi yote ya Kigiriki yaliyosalia tangu Homer hadi kuanguka kwa Konstantinopoli mwaka 1453, na mengine ya baadaye. Maneno yamepita milioni 110. Plato unamfungua kwa namba za kurasa za toleo la Stephanus, Aristotle kwa za toleo la Bekker, kama zinavyonukuliwa vitabuni. Kitafutio ndicho kinachostahili fedha. Andika neno kama lilivyo kwenye kamusi, nacho kitakuletea maumbo yake yote. Au weka maneno mawili na kuamuru yawe karibu. Ukitafuta kitenzi *deiknymi* (“kuonyesha”) karibu na *eidos* (“umbo”) ndani ya Metafizikia ya Aristotle, hoja dhidi ya Maumbo ya Plato, yaani vielelezo vya milele vya vitu, inatokea mara mbili: katika kitabu A, sura ya 9 (990b) anasema “tunaonyesha”, katika kitabu M, sura ya 4 (1079a) kauli inakuwa “inaonyeshwa”. Kazi ya dakika chache, ila mjadala wa kwa nini kauli inabadilika haujaisha.

Matatizo yapo, na jopo la usaili linapaswa kuyajua. Kubwa kuliko yote: TLG inakupa maneno ya toleo moja tu, bila zile tanbihi za chini ya ukurasa zinazoonyesha miswada, yaani nakala za kale za mkono, inatofautiana wapi. Jamhuri ya Plato humo ni ya toleo la mhariri Burnet, 1902, ilhali Oxford ilitoa toleo jipya la Slings mwaka 2003. Metafizikia ni ya Ross, 1924. Maandishi ya Metafizikia yametufikia kwa koo mbili za nakala: upande mmoja miswada inayoitwa E na J, upande wa pili Ab. Kitabu A cha Metafizikia kilihaririwa upya na Primavesi mwaka 2012, akazipima upya koo hizo. Anayejenga hoja juu ya neno moja kwa kutazama TLG pekee anajenga juu ya uamuzi wa mhariri bila kujua kwamba ni uamuzi.

Hesabu za maneno nazo zinahitaji tahadhari. Vipande vya Parmenides, mwanafalsafa wa kabla ya Socrates, vimo ndani ya mkusanyo wa Diels na Kranz, na vimo tena ndani ya Simplicius na Sextus Empiricus, waandishi wa baadaye waliovinukuu. Neno moja linahesabiwa mara mbili au zaidi. Halafu kuna alama za juu ya herufi: ukizizima, *on* ya “kilichopo” na *hon* ya “ambaye” zinakuwa kitu kimoja, na mtafiti wa ontolojia, yaani falsafa ya kuwapo, anazama katika maelfu ya majibu yasiyomhusu. Aziwashe. Utambuzi wa neno la kamusi nao hufanywa na mashine, hivyo umbo lenye asili mbili huorodheshwa kote kuwili.

Haya yote yanatoa jaribio zuri la usaili kuliko kumwomba mwombaji aeleze “mbinu zake za utafiti”. Mpe kompyuta na nusu saa. Atafute zile sehemu mbili za Metafizikia, kisha mwulize miswada inasemaje hapo. Anayekwenda moja kwa moja kuomba kitabu cha Ross au Primavesi anaijua kazi. Anayeendelea kubofya bado anahitaji msimamizi, hata kama orodha ya machapisho yake ni ndefu.

Kwenye usajili, chuo hutambuliwa kwa anwani za mtandao wake, lakini kila mtumiaji hufungua pia akaunti yake. Mtafiti akisafiri bila njia ya kuingia mtandao wa chuo akiwa mbali, mlango umefungwa. Idara ya TEHAMA ishughulikie hilo kabla hajawasili. Toleo la bure lina waandishi wachache wanaosomwa sana madarasani, pamoja na kamusi ya Kigiriki na Kiingereza ya Liddell, Scott na Jones. Kwa kufundishia linafaa sana. Kwa mtafiti wa wafafanuzi wa Aristotle halitoshi.

Tangazo la kazi likitaja uchambuzi wa matini kwa programu za kompyuta, usitegemee TLG hata kidogo. Masharti yanakataza kupakua maandishi kwa wingi, na anayejaribu anaweza kufungiwa. Mradi wa aina hiyo uanzie kwa mikusanyo ya matini ya Perseus ya Chuo Kikuu cha Tufts na First1KGreek, ambayo faili zake ziko wazi kwa kila mtu. Ina mapengo, hasa kwa waandishi wa mwisho wa zama za kale, kwa hiyo mwombaji aonyeshe ndani ya pendekezo lake kwamba matini anazozihitaji zimo.