Laki tatu na ushee, na tundu limekaa upande

Santuri ina tundu moja, na tundu hilo lina kazi moja: kukaa katikati. La kwangu limekaa upande. Nimelipa laki tatu na ushee kununua Kind of Blue, albamu ya jazz ya mpiga tarumbeta wa Marekani Miles Davis, toleo jipya la kifahari, lile wanalouziwa watu wenye masikio ya kudeka, na kiwanda kimeshindwa kutoboa katikati ya duara.

Uzito wa plastiki, unene wa jalada, jina la fundi aliyeisimamia sauti, hayo yapo kwenye stika na mtayasoma wenyewe. Mimi hapa nina tundu.

Si kwamba limekosewa sana. Kwa macho huoni kitu mpaka uutazame mkono wa sindano. Badala ya kutambaa polepole kuelekea ndani, unakwenda kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mzee anayekataa posa. Santuri ya aina hii humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Basi kila sekunde 1.8 sauti inapanda kidogo, inashuka kidogo, na haichoki. Kwenye All Blues, wimbo wa kwanza wa upande B, nilivumilia. Ngoma zinakwenda, besi inazunguka pale pale, masikio yanapata pa kushika. Halafu ikaingia Flamenco Sketches.

Anayeujua wimbo huu ataelewa hasira yangu, na asiyeujua anivumilie. Ni wa polepole sana. Bill Evans anagonga noti zake chache kwenye piano, anaziacha zielee. Miles anapuliza tarumbeta lililozibwa mdomo, noti moja ndefu, anasubiri, nyingine. Hakuna pa kujificha. Tena ndio wimbo wa mwisho, uko ndani karibu na lebo ambako mzunguko ni mdogo, na kosa lile lile la tundu linazidi kusikika kadiri sindano inavyosogea ndani. Yaani santuri imekusanya ubovu wake wote ikaumwaga juu ya dakika zilizo nzuri kuliko zote. Piano inayumba. Tarumbeta linayumba. Nilizima, nikawasha, nikaweka santuri nyingine, ikatulia tuli. Nikarudisha hii, ikayumba.

Mtasema ni mimi na wivu wa masikio yangu. Jirani yangu hapa Nkuhungu ni mzee wa Kigogo, anapiga zeze, na jazz kwake ni Morogoro Jazz na Tabora Jazz, hao wengine hana habari nao. Alikuja kuomba chaji ya simu. Akasimama mlangoni, akainamisha kichwa, akauliza, "Huyu wa kinanda kanywa?" Sikumwambia chochote kabla. Mtu anayekaza nyuzi za zeze kwa sikio tupu hadanganywi na stika.

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba upande A hauna doa. Kila upande wa santuri unagandamizwa na bamba lake la chuma, kwa hiyo bamba moja linaweza kukaa sawasawa na tundu, la pili likasogea. Kwangu la kwanza lilikaa. Mchana Dodoma hii mtu mwenye santuri hafungui dirisha, vumbi linaingia na upepo wake, kwa hiyo nilisubiri usiku. Jamani. So What inaanza na piano na besi ya Paul Chambers zikiulizana kwa sauti ya chini, na nilikuwa nasikia vidole vyake kwenye nyuzi. Pale Miles anapoanza kupiga peke yake, Jimmy Cobb anagonga toazi mara moja tu, na toazi lile linachukua muda wake wote kufa. Nimeisikiliza rekodi hii kwenye kaseti, kwenye sidii, kwenye simu. Toazi lile sikuwahi kulisikia likiisha, lilikuwa linakatika tu. Usiku ule nilitaka kuandika maneno matamu. Ningeishia upande A, leo mngekuwa mnasoma maneno matamu.

Sasa duka.

Duka liko Dar es Salaam, jina nalihifadhi. Wanaagiza santuri kutoka nje kwa watu wachache wendawazimu kama sisi. Nilipanda treni ya SGR na santuri yangu mapajani safari nzima, sikuiweka hata kwenye kiti cha pembeni kilichokuwa wazi. Nikaingia. Kijana wa mauzo, ambaye kwa umri ni mwanangu wa mwisho, akaniambia "Mambo, mzee." Nikajibu poa. Iliniuma lakini nikajibu poa, maana nilikuwa nimekuja na shida.

Nikamweleza habari ya tundu. Akauliza nasikilizia mashine gani. Nikamtajia. Akasema, "Aah. Hiyo." Akanyamaza, kana kwamba daktari ameshaona majibu. Nikamwomba aiweke kwenye mashine ya dukani tusikilize wote. Mashine ipo, inang'aa, iko dirishani. Hakuiweka. Muziki uliokuwa unapigwa mle ndani ulikuwa unatoka kwenye simu yake.

Ndipo akaniletea elimu. "Mzee wangu, hii rekodi hata ile ya kwanza kabisa ilikuwa na tatizo la kasi. Inajulikana. Kaangalie mtandaoni."

Hapo ndipo damu ilipopanda, kwa sababu alichosema ni kweli. Tarehe 2 Machi 1959, studio ya Columbia ya mtaa wa 30 kule New York, mashine moja ya tepu ilikuwa inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa, na tepu ile ilipopigwa kwa kasi ya kawaida nyimbo zikapanda sauti. Ni So What, Freddie Freeloader na Blue in Green, upande A wote. Dunia ikasikiliza hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, mpaka miaka ya 1990 ndipo wakarekebisha. Lakini kosa lile lilikuwa limenyooka! Wimbo mzima ulipanda kidogo ukakaa huko huko, wapigaji wote pamoja, na wengi hawakujua mpaka waliposhika ala wakajaribu kupiga nao. La kwangu linapanda na kushuka. Na liko upande B, uliorekodiwa tarehe 22 Aprili, ambao haukuguswa kabisa na kosa la mwaka 1959. Kijana alikuwa na habari ya kweli na akaitumia kunifukuza nayo. Bora angenidanganya.

Nikamweleza yote haya, pengine kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza mbele ya wateja, "Kwani mzee wewe unasikiliza muziki au unasikiliza plastiki?"

Wakacheka. Mmoja alikuwa ameshika santuri ya Coltrane kwa vidole, katikati ya mifereji, mafuta ya chipsi juu yake, naye akacheka.

Nyuma ya kaunta kulikuwa na karatasi imebandikwa: bidhaa ikifunguliwa hairudishwi. Mtu aniambie tundu lililokaa upande analionaje mnunuzi kabla hajafungua. Nilipogeuka kutoka, kijana akaniongezea, "Chukua msasa, panua tundu kidogo, halafu utaisogeza mwenyewe." Kwa laki tatu. Msasa.

Njia nzima kurudi nilikuwa najibu lile swali la plastiki. Hata Morogoro nilikuwa bado najibu, na majibu yangu yalikuwa mazuri sana, ila yeye hakuwepo.

Hii biashara yote ya sauti safi sasa naiona kwa jicho lingine. Mwaka 2022 kulikuwa na vurugu kubwa pale ilipojulikana kwamba kampuni ya Mobile Fidelity ya Marekani, watoaji wa santuri za kifahari, ilikuwa inapitisha rekodi zake nyingi kwenye hatua ya dijitali, wakati wanunuzi waliamini ni tepu moja kwa moja mpaka kwenye sindano. Watu walifika mahakamani. Wanabishana tepu ilipita wapi, nani aliigusa, kwa waya gani. Sawa, wabishane. Mimi naomba mtu wa kutoboa tundu.

Sasa niseme lililonifanya nichelewe kuandika. Santuri ilikaa kwenye jalada wiki nyingi, siigusi. Halafu jioni moja umeme ulikuwa umekatika, sina la kufanya, nikachukua msasa laini kabisa, nikauviringisha kwenye penseli, nikaanza kulisugua lile tundu. Kidogo, nafuta vumbi, kidogo tena. Umeme uliporudi nikaiweka santuri, nikaisogeza kwa kidole huku natazama mkono wa sindano, ukaenda, nikasogeza tena, mpaka mkono ukaacha kutikisika.

Imetulia. Flamenco Sketches imetulia kabisa. Noti ya Miles inatoka, inasimama, inaondoka ikiwa imenyooka. Nililia kidogo, na nikiwa nalia nikazidi kukasirika, kwa sababu yule kijana sasa anaweza kusema aliniambia. Hakuniambia! Alinitupia. Na hata kama dawa yake inafanya kazi, kwa nini mimi niliyelipa niwe ndiye fundi wa kumalizia kazi ya kiwanda, na kila ninapotaka kusikiliza nianze kwanza kuisogeza kwa kidole? Upande A nao, uliokuwa haudai kitu, sasa tundu likiwa limepanuka nao unataka kusogezwa.

Nyota nilikuwa nimeandika moja. Nikafuta nikaandika nne, kwa ajili ya lile toazi. Nikakumbuka kicheko cha yule mla chipsi, nikarudisha mbili. Msinunue. Ama nunueni, lakini mkifika dukani simameni pale pale, fungueni mbele yao, na msikubali kutoka mpaka izunguke. Wakikataa, ondokeni. Mimi sasa hivi naandika huku upande wa pili unapiga, na nikiwa mkweli tatu ndiyo haki yake.

Juzi nimemwandikia yule yule kijana, maana mwingine wa kuniletea santuri za namna hii sijampata. Namtaka aniagizie Uhuru Afrika ya mpiga piano wa jazz Randy Weston, iliyorekodiwa New York mwezi Novemba 1960, Tanganyika ikiwa bado chini ya Mwingereza, ambamo Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, anasoma kwa Kiswahili maneno ya mshairi wa Marekani Langston Hughes. Mtu angefikiri duka la Dar litakuwa nayo dirishani. Amejibu, "Hiyo haiuziki mzee, ila ukilipa yote kwanza tunaagiza." Shikamoo hakuna. Nimelipa nusu. Nimemwambia nusu iliyobaki naileta mwenyewe, na nakuja na rula.