Bukoba kwa meli, na matembezi ya mji wa zamani: uzoefu wangu

Basi la Mwanza kwenda Bukoba nimelipanda miaka mingi, na kila nikishuka stendi nilihisi nimeingilia mlango wa uani. Mwezi uliopita nikakata tiketi ya MV Victoria, daraja la pili. Alfajiri nilipopanda juu, Kisiwa cha Musira kilikuwa mbele yetu, na nyuma yake mji mzima umetugeuzia uso. Huu ni mji wa bandari, na ndivyo unavyopaswa kufikiwa.

Meli hii ilianza kazi 1961, ikakarabatiwa na kurudi majini 2020. Viti vilikuwa safi na choo kilikuwa na maji mpaka asubuhi. Kabla ya kuondoka mabaharia walituonyesha namna ya kuvaa maboya. Kwangu hilo si dogo. Baba yangu mdogo alikuwemo MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na kila mwaka tunakwenda Igoma kwenye makaburi. Mama alinipigia simu mara mbili usiku ule kuniuliza kama bahari imetulia. Ziwa letu yeye huliita bahari.

Matembezi ya mji ndiyo yaliyonipunguzia raha. Nilimlipa kijana mmoja elfu thelathini kwa nusu siku. Mpole, anajua kila uchochoro, na soko alinitembeza vizuri hadi kwa wauza senene. Bandarini tukasimama dakika tano. "Hapa alifika Emin Pasha, mtu wa Wajerumani, 1890, nao wakajenga," kisha tukaondoka.

Nilitaka aniambie kwamba reli ilifika Kisumu 1901, wakati Mwanza iliingoja mpaka 1928. Miaka yote hiyo kahawa na ngozi za Bukoba zilivuka ziwa hadi Kisumu, zikapanda treni kwenda Mombasa. Na njia hiyohiyo ya kahawa ndiyo waliyoijia Waingereza Juni 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia: walipakia askari Kisumu, wakashuka hapa, wakavunja mtambo wa simu ya upepo wa Wajerumani na mji ukaporwa. Mgeni akiyajua haya, hata ghala lililofungwa linamsemesha.

Jioni nilishuka peke yangu hadi Mto Kanoni unapoingia ziwani. Mzee mmoja alikuwa akishona nyavu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Kaa."

Akanionyesha ukutani maji ya mto yalipofika mvua zilipozidi, na upepo upi unawarudisha wavuvi nyumbani. Saa nzima. Nilipotoa pesa akaikataa, akanipa punje za kahawa nitafune, kama Wahaya wanavyomkaribisha mgeni.

Meli nitaipanda tena. Mtembezaji mwambieni mapema, kabla ya kumlipa, kwamba mnataka kuanzia bandarini na kukaa hapo. Na mkifika mtoni jioni, msiwe na haraka.