Snapseed kwa kukata picha kabla ya kwenda kuzisafisha: uzoefu wangu

Snapseed, programu ya simu ya kuhariri picha, naijua muda mrefu, na wengi wanaitumia kung'arisha sura au kubadilisha rangi. Mimi kazi yangu nayo ni moja tu: kukata picha za simu ziingie sawasawa kwenye karatasi ya studio bila mtu wa kwetu kupotea pembeni. Kwa kazi hiyo naipa nyota nne kati ya tano.

Tatizo lenyewe liko hivi. Simu nyingi hupiga picha kwa uwiano wa 4:3, yaani upande mrefu sehemu nne, upande mfupi sehemu tatu. Karatasi tunayoiomba kila siku studio, ile ya inchi 4 kwa 6, ina uwiano wa 3:2, yaani ni ndefu zaidi. Picha ya simu haiwezi kuijaza karatasi hiyo bila kupunguzwa, na kinachoondoka ni sehemu moja ya tisa ya kimo chake ikiwa umeipiga simu ikiwa imelala. Sehemu hiyo lazima iondoke. Kinachobaki ni kuamua iondoke wapi. Ukiiachia mashine, inagawa nusu juu nusu chini, maana haijui nani ni nani kwenye picha.

Studio moja Kariakoo walinisafishia picha za kipaimara cha mdogo wangu. Kwenye ile ya pamoja, mjomba aliyesimama mstari wa nyuma alibaki na uso usio na paji, na watoto waliokaa mbele kwenye mkeka walikatwa nyayo. Nilipouliza, kijana wa kwenye kompyuta akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, picha za simu ndivyo zilivyo." Hapana. Picha ya simu inaingia vizuri sana, ila inataka mtu aiangalie kabla haijaingia.

Kwenye Snapseed unafungua picha, unagusa Tools, halafu Crop. Chini kunatokea uwiano uliokwisha pangwa: 1:1, DIN, 3:2, 4:3, 5:4, 7:5, 16:9. Hapo ndipo penye utamu wa programu hii, kwa sababu karibu kila saizi ya studio zetu imo, ila imeandikwa kwa jina lingine. Ukitaka 4 kwa 6, au 8 kwa 12, au 12 kwa 18, zote tatu ni 3:2. Ile ya 5 kwa 7 ni 7:5. Ya 8 kwa 10 ni 5:4. Na DIN, ambayo watu wengi huiruka, ndiyo karatasi ya A4 na ndugu zake wote, A3 na A5. Jina limetoka kwa Wajerumani, ambao vipimo vyao vya karatasi za A vilitolewa mwaka 1922. Kwa sisi wa mitaani hiyo DIN ni muhimu sana, kwa kuwa stesheneri nyingi haziprinti picha kwenye karatasi ya studio, wanaprinti kwenye A4 ya kung'aa.

Narudi kwenye picha ya mjomba. Tulipiga kwa bibi, Tandika, chini ya mwembe. Faili ya simu yangu ina pikseli, yaani zile nukta ndogo zinazounda picha, 4032 kwa 3024. Nilipochagua 3:2, kimo kilishuka hadi 2688, kwa hiyo pikseli 336 zilitakiwa kuondoka. Nikaishusha ile fremu nyeupe kwa kidole mpaka ikagusa ukingo wa mkeka, na zote 336 zikatoka kwenye majani ya mwembe. Kofia ya mjomba ikabaki nzima na nafasi kidogo juu yake, watoto wakarudishiwa nyayo zao. Ni kazi ya chini ya dakika moja.

Bibi alipoiona akasema, "Mjukuu wangu, hii nitilie fremu niiweke sebuleni." Fremu aliyokuwa nayo ni ya 8 kwa 10, na hapo mambo yakageuka. Kwa 5:4 majani ya mwembe yanarudi yote, kinachokatwa sasa ni pembeni: pikseli 252 za upana. Kulia amekaa bibi mwenyewe, mkono juu ya mkongojo, na mkongojo uko karibu kabisa na ukingo. Kushoto kuna binamu yangu, na nyuma ya bega lake bajaji ya jirani imeegeshwa. Bajaji ikaondoka yote. Upande wa bibi sikugusa hata kidogo, kwa sababu mbao ya fremu nayo hula milimita kadhaa kila upande, na mashine ya kuprinti bila ukingo huikuza picha kidogo kupita karatasi. Ukikata ukamwacha mtu anagusa ukingo, kwenye simu atakuwepo, ukutani hatakuwepo.

Kila saizi ianzie kwenye picha ya asili. Mtu akikata 3:2, halafu ile iliyokatwa akaikata tena 5:4, anabakiwa na 3360 kwa 2688, wakati angeanza upya angepata 3780 kwa 3024, na majani ya mwembe juu. Snapseed hapa inasaidia: kwenye Android yangu ukigusa Save inahifadhi nakala, ya mwanzo haiguswi. Mimi nimeweka folda moja kwa kila saizi.

Nyota moja nimeizuia kwa sababu haikuandikii inchi popote. Lazima uwe na hesabu ya uwiano kichwani, na mama yangu, ambaye anapenda picha kuliko mimi, hawezi kuijua 7:5 ni nini. Pia unakata picha moja moja. Albamu ya harusi yenye picha nyingi itakukalisha jioni nzima.

Kama picha imepinda, inyooshe kwanza kwa Rotate ndipo ukate, kwa maana kunyoosha nako kunakula pembe zote nne. Na pale ambapo hakuna cha kukata, watu wamejaa ukingo hadi ukingo, ipo Expand, ambayo huongeza eneo kuzunguka picha. Ile Smart inayojaza yenyewe inafaa kwa anga au ukuta mtupu; kwenye vitenge vya sare inachora vitu vya ajabu. Chagua White, upate pambizo nyeupe, picha itoke na watu wote. Mimi naona pambizo nyeupe ni heshima kubwa kuliko shangazi kukosa mkono.

Kuhusu kuipeleka studio: usiitume WhatsApp kama picha ya kawaida. WhatsApp inaibana. Faili ikifika na pikseli 1600 upande mrefu, kwenye 4 kwa 6 utapata kama 266 kwa kila inchi, inapendeza tu. Kwenye 8 kwa 10 zinashuka hadi 160, na nyuso za mstari wa nyuma zinaanza kuwa ukungu. Kipimo kinachotakiwa sana ni 300 kwa inchi. Itume kama dokumenti, au peleka flashi mkononi. Na ukifika usiseme tu "nisafishie hizi". Mwambie kijana, "Kaka, hizi nimeshazikata 4 kwa 6, usikate tena," halafu simama uangalie skrini yake kabla hajabonyeza. Kwenye programu nyingi za kuprinti kuna Fit na Fill. Fill hujaza karatasi na kukata kinachozidi, Fit huingiza picha yote na kuacha weupe pembeni. Kama umekata sawasawa, ukibonyeza yoyote kati ya hizo mbili picha itakaa karibu vilevile, na ukiona weupe mpana umejitokeza pale kwenye Fit, karatasi iliyochaguliwa siyo ya saizi yako. Mwambie abadilishe kabla wino haujatoka.